Vipuri vya Sanduku la Seremala: Tuvitafute Wapi?

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Tumbi, Kibaha)



Leo tuna habari ya sanduku la mbao, lile la fundi seremala la kuwekea randa, patasi, misumeno na keke. Wengi wenu mnalo nyumbani, au mnaijua nyumba lilipo. Marehemu baba alilibeba begani kwenda kazini, na labda yeye naye aliachiwa na fundi aliyemfundisha. Sasa limewekwa nyuma ya mlango. Bawaba zimeshika kutu, kitako kimeliwa na mchwa, mkono mmoja umekatika, na kuku anatagia juu yake.

Mara nyingi tunaulizwa: "Vipuri vya sanduku kama hili vinapatikana wapi?" Jibu letu huwa refu kuliko watu wanavyotaka. Huwezi kuambiwa wapi kabla hujajua unatafuta kitu gani hasa. Na hapo ndipo watu wengi wanapopoteza nauli.

Lakini kwanza, kwa nini tuhangaike na sanduku? Si mbao tu?

Sanduku likifa, vifaa vinatoka nje. Patasi inakwenda jikoni kufungulia makopo. Msumeno unaning'inizwa ukutani, unanyeshewa, meno yanaota kutu. Randa watoto wanaifanya gari. Halafu siku moja anapita kijana mwenye mkokoteni anayenunua vyuma chakavu. Yeye ana mizani yake, na mizani haiulizi kama chuma ni randa au ni mguu wa kitanda. Jioni nyumba imepata fedha ya mboga ya siku mbili, na kazi ya ufundi imetoka katika ukoo ule.

Hili si jambo la kubuni. Kuna mama mmoja hapa Tumbi, mwanakisomo mwenzenu, ambaye hatutamtaja jina. Mume wake alikuwa seremala, akafariki, akaacha sanduku limejaa vifaa. Mwanawe wa mwisho anajifunza useremala. Baada ya arobaini, shemeji yake akasema, "Shemeji, hili sanduku limeoza. Tuuze tu, tugawane kidogo kilichomo." Mama akamjibu, "Limeoza sanduku, shemeji. Randa haijaoza." Shemeji akampa mpaka mwisho wa mwezi. Kama sanduku halijafaa kufungwa na kubebwa kazini, vyuma vinakwenda kwenye mizani.

Basi mama akatujia na swali lile lile: vipuri viko wapi?

Tulimwambia arudi nyumbani na rula ya mwanafunzi, penseli na karatasi. Sanduku lisiguswe kwa nyundo. Alegeze tu skrubu zinazokubali, atoe kila kilichovunjika, akipime, aandike. Skrubu zilizoshika kutu anajua kila fundi zinavyosumbua, kwa hiyo tutaje njia. Chokonoa uchafu katika mfereji wa kichwa cha skrubu. Tia mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta kidogo ya mashine, acha mpaka kesho yake. Tafuta bisibisi inayojaza mfereji wote, si nyembamba ya kuchezacheza. Kwanza kaza kidogo kama unayetaka kuifunga zaidi, ndipo uifungue. Ikikataa, weka chuma cha moto juu ya kichwa chake, iache ipoe, ujaribu tena. Ukitumia nguvu mara ya kwanza, kichwa kinapasuka, na hapo unatafuta keke ya kutobolea.

Mama alileta karatasi hii. Tunaiandika kama alivyoiandika yeye:

"Bawaba 2. Urefu sentimita 6 na milimita 4. Upana wa upande mmoja milimita 18. Matundu 3 kila upande. Skrubu zina mfereji mmoja. Mkono 1 hakuna. Kufuli ya ndani funguo umepotea. Kitako kimeliwa na mchwa nusu. Mbao unene milimita 19."

Ndugu zangu, mtu aliyeandika karatasi hii miaka mitatu nyuma alikuwa anaweka dole gumba. Tazameni alivyopima upana wa bawaba, jambo ambalo mafundi wengi wazima hawalipimi.

Sasa bawaba dukani zinauzwa kwa inchi. Nchi yetu ilirithi futi na inchi za Waingereza, vipimo vya mita vikaja baadaye, na mpaka leo fundi anayenunua kwa mita ya kitambaa huagiza msumari wa inchi 3. Inchi moja ni milimita 25.4. Sentimita 6 na milimita 4 ni milimita 64. Ukigawa 64 kwa 25.4 unapata inchi 2 na nusu, ikizidi kidogo sana. Ukiwa na rula yenye inchi upande wa pili, geuza tu uisome.

Hapa kwetu kuna sababu nyingine ya kupima. Katika miaka ya 1960 nchi za Ulaya ya Kaskazini, yaani Uswidi, Denmark, Norwe na Ufini, zilishirikiana na Tanganyika kujenga hapa Kibaha kituo cha elimu, mafunzo ya wakulima na afya, ambacho mwaka 1970 kilikabidhiwa kwa serikali yetu. Nchi zile hutumia milimita. Baadaye kidogo, kuanzia miaka ya 1980, shirika la Uingereza liitwalo Tools for Self Reliance lilikusanya vifaa vya mkono vilivyokwisha tumika kwao, likavirekebisha na kuvileta Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo ya nchi za mwanzo kuvipata. Hivyo vingi ni vya inchi. Kwa hiyo katika nyumba mbili jirani unaweza kukuta sanduku moja limefungwa vyuma vya inchi na jingine vya milimita. Kwa macho zinafanana. Dukani hazifanani.

Mama na mwanawe wakaenda maduka ya vifaa vya ujenzi Maili Moja. Muuzaji alikuwa na bawaba za inchi 2 na inchi 3. Za inchi 2 na nusu hana. Kijana akasema, "Mama, tuchukue za inchi 3, nitachonga." Na hesabu yake haikuwa mbaya. Tatu toa mbili na nusu inabaki nusu inchi. Gawa kwa mbili, unaongeza robo inchi kila upande wa nafasi iliyochongwa. Patasi moja, dakika kumi.

Lakini mama alikuwa amekuja na bawaba ya zamani ndani ya kanga. Akailaza juu ya mpya. Mpya ilizidi kwa urefu, sawa, ila ilizidi na kwa upana pia. Upande mmoja ulikuwa na milimita 25, na mbao ya sanduku ni milimita 19. Toa mwenyewe: milimita 6 za chuma zingechomoza kuingia ndani ya sanduku, palepale mkono unapopita kutoa patasi. Wakairudisha kaunta.

Ndiyo maana tunasema nenda na kifaa cha zamani mkononi, hata kama kimevunjika vipande viwili. Siku hizi vijana hupiga picha kwa simu na kumtumia ndugu aliyeko Dar es Salaam amtafutie. Si vibaya. Lakini picha haina ukubwa. Bawaba ya dirisha na bawaba ya lango katika simu ni sawasawa. Ukipiga picha, laza rula kando ya kifaa, upige vyote pamoja.

Wengine wangepanda basi siku hiyo hiyo kwenda Dar es Salaam. Mama akasita, akatuonyesha zile bawaba. Tukamwita fundi chuma mmoja mzee azitazame. Akazigeuza, akazikwaruza kwa msumeno wa chuma, akasema, "Hizi pande zake ni nzima. Kilichokufa ni huu msumari wa katikati." Na kweli. Bawaba ni pande mbili za chuma zilizoshikwa na msumari mmoja unaopita katikati, ambao ndio unaozunguka. Maji hukaa pale, kutu hula pale. Mzee akausukuma nje ule msumari uliooza. Akajaribu msumari wa kawaida wa inchi 3, ukacheza. Akajaribu wa inchi 4, ukaingia kwa kugongwa taratibu. Akaukata kwa urefu wa bawaba, akaacha kidogo huku na huku, akafua ncha zote mbili zikatanuka kama kichwa cha uyoga. Akatia tone la mafuta. Bawaba ikafunguka na kufunga. Kipuri kilichokuwa kikitafutwa kilikuwa msumari mmoja.

Pande zile zile zikarudi katika nafasi zile zile, matundu juu ya matundu. Lakini matundu ya mbao yalikuwa yamelegea. Usikimbilie skrubu nene zaidi, kwa sababu kichwa chake hakitazama katika tundu la bawaba na kifuniko hakitafunga vizuri. Chonga kijiti cha mbao ngumu au cha mwanzi, kipake gundi nyeupe ya mbao, kipige ndani ya tundu, kiache kikauke usiku kucha, ukikate sawa na ubao. Kisha tia skrubu ya ukubwa ule wa mwanzo. Skrubu nazo huuzwa kwa namba ya unene na kwa urefu. Namba 8 ina unene wa milimita 4 na kitu. Siku hizi nyingi zina kichwa cha msalaba badala ya mfereji mmoja. Zinafanya kazi. Anayependa sanduku libaki kama lilivyokuwa atafute za mfereji mmoja katika makopo ya mafundi wa zamani, maana kila fundi ana kopo la skrubu alizookota maisha yake yote. Mpe heshima yake, kaa naye, atakuruhusu kupekua.

Tuje kwenye mkono. Mkono wa chuma wa sanduku la zamani hauonekani madukani kirahisi. Lakini fikirini: nani hapa mjini hufunga mikono ya chuma kwenye masanduku kila mwaka? Ni mafundi bati wanaotengeneza matranka ya wanafunzi wa bweni. Mkono wa tranka, komeo la tranka na ile pete ya kupitishia kufuli, ambayo watu wa pwani huiita tumbuu, vyote wanavyo au wanaweza kuvikata kwa kipimo chako. Tranka bovu lililotoboka kitako huwa bado na mikono mizima. Angalia tu kwamba kwenye bati vitu hivi hufungwa kwa ribiti nyembamba. Kwenye mbao usitegemee ribiti wala skrubu fupi. Toboa ubao, pitisha boliti, funga nati kwa ndani na kipande cha bati chini yake. Sanduku lililojaa vifaa ni mzigo wa watu wawili, na mkono ukichomoka njiani, kona ya sanduku inatua juu ya mguu wa mtu. Boliti ndogo za namna hii fundi baiskeli anazo.

Mama yeye hakutaka mkono wa tranka. Alitoboa matundu mawili kila upande, akapitisha kamba nene ya katani, akapiga fundo kubwa kwa ndani. Masanduku ya mabaharia yalikuwa hivyo, na kamba haishiki kutu. Sisi tunaona alichagua vizuri zaidi kuliko tulivyomshauri.

Wako wanaofunga kifuniko kwa kipande cha mpira wa tairi badala ya bawaba. Kwa muda, haidhuru. Ila mpira hulegea na kifuniko hukaa upande, mvua ikaingia.

Funguo wa kufuli ya ndani ukipotea, usivunje kufuli. Ifungue skrubu zake, uichukue yenyewe umpelekee fundi wa kuchonga funguo. Akiwa na kufuli mkononi anaweza kuona ndani na kuchonga. Ukimpelekea maneno matupu, hawezi. Na kama ya ndani imekufa kabisa, iache ilipo izibe tundu lake, ufunge komeo na kufuli la nje. Komeo zuri ni lile ambalo likifungwa hufunika skrubu zake. Tumeona masanduku yenye kufuli kubwa la kutisha, na skrubu nne za komeo ziko nje zinamtazama mwizi. Mwizi anahitaji bisibisi tu.

Sasa mbao. Hapa tunaomba mtusikilize vizuri, kwa sababu hapa watu wanajitafutia kesi. Kibaha na Kisarawe tuna misitu ya hifadhi, Ruvu, Pugu, Kazimzumbwi. Mninga, mkongo na mvule si miti ya kukata kwa sababu unataka ubao wa kitako. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali. Na hata kama ungekipata, mti uliokatwa leo haukufai. Mbao mbichi ikiunganishwa na mbao ya miaka hamsini iliyokauka, ile mbichi hujikunja inapokauka na kuvuta viungo vyote. Unatengeneza kitako, unapasua mbavu.

Mbao ya kutengenezea sanduku la zamani ni mbao ya zamani. Ubavu wa kitanda cha mninga kilichovunjika. Fremu ya mlango wa nyumba iliyobomolewa. Rafu ya kabati. Kwa mafundi samani huwa na mabaki ambayo wao huyafanya kuni. Keko kule Dar es Salaam, mahali palipojulikana miaka mingi kwa samani, kipande cha urefu wa mkono hakina kazi kwao, kwako ni ubavu mzima. Kabla ya kupitisha randa, chunguza misumari iliyojificha kwa sumaku. Sumaku ya spika ya redio mbovu inatosha. Msumari mmoja unaharibu meno ya msumeno au ulimi wa randa, na hapo unatafuta kipuri cha pili kabla ya kumaliza cha kwanza.

Lazimisha rangi zifanane ukitaka, lakini kubwa ni mambo mawili: unene uwe ule ule, na nyuzi za mbao zielekee upande ule ule na za ubao wa jirani. Mbao hutanuka masika na kunywea kiangazi, na hutanuka kwa upana, si kwa urefu. Nyuzi zikipishana, moja huvuta nyingine mpaka ipasuke.

Je, ubao wote ung'olewe? Hapana. Bonyeza kwa ukucha na kwa ncha ya msumari. Panapodidimia pameisha. Palipo pagumu acha, hata kama ni pabaya kwa macho. Kitako cha mama yule tulikata nusu tu iliyoliwa, tukaunganisha nusu ya ubao wa kitanda. Ukiona unga mpya mwepesi unaanguka kutoka matundu madogo, wadudu bado wamo. Nunua dawa ya mbao dukani, upake na kuiacha nje ikauke. Wengine hupaka oili chafu ya gari. Inafukuza mchwa kidogo, tunakubali, lakini gundi haishiki tena pale, nguo zinachafuka, na ngozi ya mikono haiipendi. Kama lazima, ipake chini ya miguu ya sanduku tu, baada ya kazi ya gundi kwisha. Dawa ya shambani usiilete ndani ya nyumba.

Mbao nyeupe za misindano kutoka mashamba ya Sao Hill, Mufindi, ni rahisi kupata na hazina shida ya kuchonga. Zinafaa kwa trei ya ndani. Kwa kitako kinachokaa chini hazitufai sana huku kwetu, mchwa huzipenda mno. Ukizitumia, pigilia vipande viwili vya mbao ngumu chini ya sanduku liinuke sakafuni, hewa ipite, nawe uone njia ya udongo ya mchwa ikianza.

Watu wa Unguja wana masanduku yao ya njumu, yamepigiliwa shaba kwa mapambo, na mafundi wa kule bado wanajua kukata vyuma vyake. Mwenye sanduku la namna hiyo asikubali kufungiwa komeo la tranka. Hilo ni jambo la pesa na la asili, aulize mafundi wa Mji Mkongwe kwanza. La seremala ni la kazi. Likifunga na kubebeka, limepona.

Kama kipuri hakipo kabisa, hakiuzwi na hakiokotwi, basi kinafuliwa. Kata mfano wake kwa karatasi ngumu, weka alama za matundu, andika unene, umpelekee mhunzi au fundi chuma. Vyuma vya pembe za sanduku hukatwa hata katika pipa kuukuu. Gerezani, Dar es Salaam, pamekuwa na mafundi wa kazi hizi tangu zamani. Karibu zaidi, waulizeni SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, na walimu wa useremala wa Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kibaha. Vyuo hivi vilianzishwa kuanzia mwaka 1975 kwa ajili ya watu wazima kama ninyi, na hakuna anayewazuia kuingia na kuuliza.

Kazi ya mama yule ilichukua siku kumi na moja. Nyingi kati ya hizo zilikuwa za kungoja gundi na dawa zikauke. Shemeji alikuja mwisho wa mwezi, akalinyanyua sanduku kwa kamba ya upande mmoja, mama akashika ya pili. Akaomba aazimwe keke. Mama akamwambia aandike.

Ndiyo, aandike. Kwa sababu ndani ya kifuniko mama alibandika karatasi: randa 2, patasi 5, misumeno 2, keke 1, nyundo 1, tezo 1, msasa. Chini yake mistari mitupu ya jina la mwazimaji na tarehe. Chini kabisa kuna kipimo cha bawaba, urefu na upana, na maneno "msumari wa inchi 4".

Jumamosi ijayo saa nne asubuhi tutakuwa chini ya mwembe wa darasani na rula, bisibisi na chupa ya mafuta ya taa. Mwenye sanduku alilete. Mwenye bawaba tu alete bawaba.